Ulezi Usio na Mchanga

Uji wa ulezi wenye mchanga haunyweki hata kwa mwenye njaa. Unapuliza, unavuta fundo la kwanza, meno yanasaga kitu kisichosagika, na hamu yote inakatika. Kwetu Ufipa ulezi hupurwa chini, kwenye uwanja wa udongo, na kila pigo la fimbo linachanganya punje na ardhi. Watu hupepeta kwa ungo, makapi yanaondoka na upepo, gunia linapelekwa kwenye mashine ya kusaga. Lakini mchanga hauondoki na upepo. Mchanga unatolewa kwa maji na uvumilivu, na uvumilivu mimi sikujaliwa.

Nilijaliwa kiburi. Nasema mapema ili msomaji asije akanihurumia mahali pasipostahili.

Nilianza kuuza unga wa ulezi hapa mtaani Izia baada ya kuchoka na mitumba. Nilinunua ulezi, nikausaga, nikaufunga kwenye pakiti za kilo moja, nikazunguka nao madukani mjini Sumbawanga nikiwa nimevaa gauni la kanisani ili nionekane mfanyabiashara. Wiki ya pili, mama mmoja mwenye duka la vyakula karibu na soko alinirudishia pakiti zote. Alizipanga juu ya meza moja moja, mbele ya wateja wake. "Dada, huu ni unga au saruji?" Watu wakacheka. Nilirudi nyumbani kwa miguu, nimejitwisha zile pakiti, kwa sababu sikutaka hata mwendesha bodaboda anione nilivyokuwa usoni.

Ilikuwa mwezi wa sita. Mama yangu mzazi alikuwa amefika juzi yake kutoka kijijini kwetu Mpui kunisalimia, kama alivyozoea kila mwaka baada ya mavuno. Alikuja na kuku, gunia moja la ulezi wake mwenyewe, na nguo za kumtosha wiki moja. Alinikuta nyuma ya nyumba nikizitukana zile pakiti. Hakuuliza. Alifungua gunia lake, akamimina ulezi kwenye beseni, akajaza maji, akaanza kukoroga kwa mkono. Kisha akaliinamisha beseni polepole, punje zikatiririka pamoja na maji kwenda kwenye beseni la pili, na chini ya la kwanza ukabaki mchanga mwekundu, kiganja kizima. Akaumwaga. Akarudia mara ya pili, mara ya tatu, hadi chini ya beseni hakukubaki hata chembe ya mchanga. Akanitazama na kusema kwa Kifipa, lugha yetu sote wawili tukiwa peke yetu, "Bibi yako angekuchapa."

Tulianika ule ulezi juu ya turubai, tukausaga, nikapika uji. Ulishuka kooni kama maziwa. Nilirudi kwa yule mama wa dukani na chupa ya chai iliyojaa uji, nikammiminia kikombe, nikasimama nikimwangalia anavyokunywa. Alikunywa chote, akalamba mdomo.

"Mnausafisha na nini huu?"

Mpaka leo sijui kwa nini sikusema ukweli. Nadhani ni lile neno saruji lililokuwa bado linaniwasha. Nilisema, "Tuna mashine. Mashine ya kuoshea nafaka." Akashika kiuno. "Kumbe mko mbali!" Akaagiza pakiti nyingi kuliko nilizowahi kutengeneza tangu nianze, akawaambia na wenzake wa madukani. Basi nikaona uongo nao una mtaji wake. Nilipochapisha lebo mpya nikaandika juu yake: Ulezi usio na mchanga. Umesafishwa kwa mashine.

Mama alijua kusoma, ila alisoma taratibu, kidole chini ya kila neno. Alishika ile lebo akaisoma mpaka mwisho. Akageuka huku na huku akiuangalia uwanja, mabeseni mawili, ndoo, turubai.

"Na hiyo mashine iko wapi?"

Nikacheka cheko la kijinga. Yeye naye akacheka, lakini lake lilikuwa cheko la kweli, akajipigapiga paja. "Basi mashine inaomba chai," akasema, "na sukari isiwe kidogo." Tangu siku hiyo ukawa utani wetu. Asubuhi alinisalimia kwa kusema mashine imeshawaka. Nilipochelewa kuleta maji alisema mashine haina mafuta. Nilikuwa nacheka. Ningejua, nisingecheka.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi hata jembe sikumpa. Alilichukua mwenyewe, nami nikanyamaza. Wiki ikapita, na nguo zake za wiki moja nikawa nazifua, naye anazirudia. Sikumwambia "mama, naomba ubaki unisaidie." Sikumwambia pia "mama, nenda nyumbani." Nilileta gunia lingine tu, nikaliegemeza ukutani karibu na alipokaa.

Mwanzoni kabisa aliniuliza, "Mbona huiti watu?"

Kwetu Mpui kuita watu si jambo la kufikiria mara mbili. Kazi ya shamba ikimzidi mtu, anapika pombe ya ulezi, anapita nyumba kwa nyumba, anasema keshokutwa njooni mnilimie. Wanakuja na majembe yao, wanalima, wanakunywa, wanaimba, wanaenda. Mwezi ujao anaenda yeye kwao. Hakuna anayesema fulani ameshindwa na shamba lake. Mama yangu alibaki mjane akiwa na watoto wadogo, akatulea sote kwa kuita watu na kuitwa.

"Mama, hii ni biashara," nilimjibu. "Siyo shamba."

"Kwani biashara inafanywa na mikono ya namna gani?"

Nikajifanya nimeitwa na simu. Ukweli ni kwamba nilikuwa na majibu mawili na yote yalikuwa mabaya. La kwanza, niliogopa wanawake wa mtaani wakijua namna ya kuosha ulezi watafungua biashara yao, kana kwamba bibi zao hawakuosha ulezi. La pili ndilo lililokuwa kubwa zaidi: wangeingia uwanjani wangeona kwamba hakuna mashine. Wakati huo Izia nzima ilishajua kwamba nina mashine. Mwanamke mmoja aliniomba aje aione. Nikamwambia fundi kakataza watu kuisogelea.

Kwa hiyo nilizungushia uwanja wa nyuma mabati. Nikamwambia mama, "Mtu akibisha hodi, usimfungulie. Biashara ina siri." Mama alikunja uso kidogo, halafu akasema sawa. Alikuwa mtu wa kutii utaratibu wa nyumba ya watu, hata kama nyumba hiyo ni ya mtoto wake.

Na hapo kuna jambo lingine. Nyumba ile si yangu tu, ni ya mume wangu pia, na mama yangu alikuwa wa zamani. Kwake yeye mama mkwe halali chini ya paa moja na mkwe wake. Akija kwa siku chache alikuwa anapewa stoo, chumba kidogo kilichojengwa peke yake uani, sakafu ya sementi, dirisha dogo la wavu lisilo na kioo. Siku chache zinavumilika. Lakini zilikuwa zinakuwa miezi, na stoo hiyohiyo ndiyo ilikuwa inakaa magunia. Alilala kwenye godoro chini, katikati ya vumbi la ulezi na ile dawa ya unga tunayochanganya kwenye nafaka kuzuia wadudu. Mwezi wa saba Sumbawanga si mji wa mchezo kwa baridi. Asubuhi maji ya ndoo yanauma kama moto, na upepo wa uwanda huu hauna kitu cha kuuzuia. Mama alikuwa anaamka, anavaa sweta langu juu ya sweta lake, anatumbukiza mikono.

Mume wangu ni fundi ujenzi, mtu mpole, na upole wake nilikuwa nauchukulia kama kutojua mambo. Alimwomba mama mara tatu alale ndani, mama akakataa mara tatu huku ameinamisha macho, kwa adabu. Ndipo mume wangu akaniambia mimi.

"Jirani ana kile chumba chake cha nje, kiko tupu. Mwombe. Mama akalale kitandani, penye dirisha la maana. Na hao wamama wa jumuiya, waite waje kuosha hata siku moja kwa wiki."

"Niombe chumba na nyumba ninayo? Watu watasema nini?"

"Watasema una mama."

Nilimkasirikia siku mbili nzima kwa jibu hilo. Nikampikia chakula bila kumsemesha.

Jumuiya anayoisema ni jumuiya yetu ndogo ya kanisani, nyumba kama kumi na tano zinazosali pamoja kila wiki, leo kwa huyu, wiki ijayo kwa yule. Mwisho wa sala kiongozi huuliza, mwenye shida aseme. Watu husema. Mtoto wa huyu anaumwa, paa la yule limeng'oka, na wakitoka hapo wanapanga nani aende kusaidia. Mimi nilisimama, nimevaa kitenge kizuri, nikasema naombeni mumwombee mama yangu afya njema. Wakamwombea, kwa sauti, wamefumba macho. Kumwomba Mungu hakukunishusha. Kilichonishinda ni kufumbua macho, kumtazama jirani yangu, na kusema: mama yangu anaosha magunia peke yake, njooni mtusaidie.

Mwezi wa nane ngozi ya vidole vyake ilianza kupasuka. Nikamnunulia mafuta ya mgando. Mwezi wa tisa akaanza kukohoa, kikohozi kikavu, cha asubuhi tu. Nikamnunulia dawa ya kikohozi. Nilikuwa mwepesi kununua. Nalikumbuka lile kopo la mafuta kwenye dirisha la stoo na najiuliza nilidhani nanunua nini.

Mwezi wa kumi mama alianza kutazama mawingu. Alikuwa na kishamba chake Mpui, nyuma ya nyumba, ambacho alikipanda ulezi kwa mkono wake mwenyewe kila msimu tangu aolewe. Hakuwahi kuruka hata mmoja, hata mwaka aliomzika baba. Aliacha kuosha, akaweka mkono juu ya macho, akasema, "Mawingu yameanza kukaa." Nikasema, "Bado, mama, mvua ya mwaka huu inachelewa." Wiki iliyofuata akasema, "Sijui kama yule kijana wa kaka yangu ameshachoma majani." Nikasema, "Atakuwa ameshachoma." Wiki nyingine akasema, "Mbegu yangu niliiacha kwenye kibuyu, panya wasije wakaiona." Nikasema, "Nikimaliza oda hii, mama. Mwezi ujao nakupeleka mwenyewe."

Mtu yeyote wa kwetu angeielewa sauti hiyo. Mtu mzima hasemi nataka kwenda nyumbani akiwa kwa mkwe wake, ataonekana hakutunzwa vizuri. Anasema mawingu. Anasema panya. Mtoto mwenye masikio ndiye anayetakiwa kusema, mama, ungependa uende? Mimi lugha hiyo naijua tangu utotoni. Nilijifanya siijui, kwa sababu ningeuliza ningejibiwa.

Mvua ya kwanza ilinyesha mwezi wa kumi na moja, mchana kweupe, mimi nikiwa mjini napeleka pakiti. Ilikuja kwa ghafla, ya upepo, na uwanjani kulikuwa na turubai mbili zimejaa ulezi uliooshwa. Niliingia chini ya kibaraza cha duka na kusubiri ipite. Nilijiambia mama atakuwa ameingia ndani. Nilijiambia hivyo huku nikijua kabisa kwamba hawezi kuingia ndani akaacha nafaka inanyeshewa. Hakuna mwanamke wa Ufipa anayeweza.

Niliporudi nilimkuta ameketi stoo, nguo zimemgandia mwilini, anatetemeka, na magunia mawili ya ulezi mbichi yako mbele yake. Alikuwa ameyaokoa yote. Alikuwa anatabasamu. "Haukupotea hata konzi," akasema. Nikamvua nguo, nikamfunika blanketi, nikamkorogea chai. Halafu, na hili nalisema kwa sababu bila hili mengine hayana maana, nikageuka nikatumbukiza mkono kwenye gunia kuangalia kama ulezi umelowa sana.

Siku ya tatu alikuwa hawezi kuinuka. Kifua kilikuwa kinatoa sauti ya maji. Mume wangu alimbeba mgongoni hadi kwenye bajaji, mkwe kambeba mama mkwe, adabu yote ile ya miezi mitano ikaishia hapo. Hospitali wakasema nimonia, na kwamba mapafu yalikuwa yameshachoka kabla. Nesi aliniuliza anafanya kazi gani. Nikasema yupo tu nyumbani.

Wodini alikuwa na akili zake zote. Siku ya pili ya kulazwa alilala akitazama dirishani, mvua ikinyesha, nami nilishika mkono wake. Kiganja kilikuwa kigumu, kimejaa mipasuko iliyokuwa inaanza kufunga kwa kuwa hatimaye ilikuwa imekauka. Nikaanza kulia. Nikamuuliza, "Mama, kwa nini hukuniambia kwamba umechoka?"

Alinigeukia. Hakuwa na hasira, na ningeshukuru kama angekuwa nayo.

"Hukuniuliza, mwanangu. Ningeanzaje?"

Alifariki siku ya tano, asubuhi, nikiwa nimetoka kwenda kumchukulia uji.

Msiba hauombi ruhusa. Kabla sijarudi kutoka hospitali, wanawake wa jumuiya walikuwa wameshafika nyumbani, na hakuna aliyewaita. Wameshafungua geti, wameshawasha moto, wameingia uwanja wa nyuma kutafuta sufuria na mahali pa kukaa. Mabati yangu hayakuwazuia. Waliona mabeseni mawili. Waliona magunia kumi na moja ambayo hayajaoshwa, yamepangwa ukutani. Waliona godoro la stoo. Nilipoingia nikawakuta wamesimama, na jirani yangu, yule mwenye chumba cha nje, ameshika lebo yangu mkononi. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nilikuwa nimeusikia msemo huo tangu nikiwa mtoto na sikudhani kwamba umetungwa kwa ajili ya mtu kama mimi.

Hakuna aliyenisuta. Walinipokea, wakanikalisha mkekani, wakalia na mimi. Tulimpeleka Mpui tukamzika jirani na baba, na kile kishamba chake kilikuwa kimeota magugu hadi magotini. Nilikaa huko hadi matanga yalipokwisha. Niliporudi Izia, yale magunia kumi na moja yalikuwa yameoshwa, yamekauka, yameshonwa midomo. Jirani akaniambia waliifanya kazi kwa siku mbili, wanawake tisa, wakipenyeza kati ya mvua na mvua. "Tulikuwa tunapiga soga tu," akasema, "tukashtukia yameisha."

Siku mbili. Nilikaa chini palepale.

Ndipo akaniambia jambo ambalo alikuwa analibeba. Alilisema akitazama chini, akichora udongo kwa kidole cha mguu. "Siku ile ya mvua nilisikia turubai inapigapiga. Nikapanda juu ya tofali nikachungulia. Nikamwambia, mama shikamoo, nije nishike upande wa pili? Akasema, marahaba mwanangu, usihangaike, mashine inafanya kazi. Akacheka. Nami nikadhani labda ni kweli, maana watu wenye mashine zao hawapendi kuingiliwa. Nikashuka." Akaanza kulia. "Ningeruka tu yale mabati, jirani. Nisamehe."

Yeye ndiye aliyekuwa ananiomba msamaha. Mama yangu, amelowa, kifua kibovu, peke yake na turubai mbili, aliletewa msaada hadi ukutani, akaukataa ili uongo wangu usiumbuke. Nimejaribu kusamehewa na padri, na mume wangu, na kaka zangu, na wote wamenisamehe. Siku ile ya mvua haijapungua uzito.

Ni mwaka wa pili sasa. Biashara ipo, na inakwenda vizuri kuliko wakati ule, jambo ambalo kuna siku linanitia uchungu kuliko hasara. Mabati niliyatoa. Yule mama wa dukani nilimweleza mwenyewe, mbele ya wateja, kwamba hakukuwa na mashine ila mama yangu. Akasema, "Ndiyo maana ulikuwa mtamu." Siku ya kuosha wanawake sita au saba wanakaa uwanjani na mabeseni yao, wananicheka nisivyo na subira, kila mmoja anaondoka na unga wake na chake kingine tulichopatana. Ukinyeshewa ulezi, mikono kumi na minne inashika turubai.

Watu wakiniuliza kuhusu biashara, hasa mabinti wanaoanza, nawaambia waombe msaada, na wanadhani nasema waombe ili kazi iishe haraka. Hiyo ni faida ndogo. Mimi msaada niliupata. Niliupata miezi mitano mfululizo, tena wa mtu aliyekuwa hodari kuliko wote. Nilichokosa ni kuuomba. Usipomwomba mtu umemchukua tu, na mtu aliyechukuliwa hana mahali pa kusema imetosha.

Kuna bibi mmoja wa upande wa Mollo, rika la marehemu mama, ambaye anaosha ulezi kwa namna ileile, mkono mmoja unakoroga na mwingine umeshika ukingo. Siku ya kuosha ikikaribia huwa situmi ujumbe, naenda mwenyewe hadi mlangoni kwake. Wiki iliyopita nilimkuta anachambua maharage.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu."

"Kesho tunaosha. Nimekuja kukuuliza kama utaweza kuja kutusaidia."

Akatazama mikono yake kwanza, akaigeuza. Kisha akatazama juu kidogo, kwenye mawingu.

"Kesho hapana," akasema. "Mikono inaniuma. Na nataka niwahi shamba langu kabla mvua haijashika." Akaendelea kuchambua maharage yake.

Nikasema, "Sawa, mama. Pumzika." Nikaaga, nikatembea hadi penye kona ya barabara ambako asingeweza kuniona, nikakaa chini kwenye majani nikalia kwa sauti. Swali moja tu, na hapana moja, na mama wa mtu akabaki kwake apande ulezi wake.